Hodi Haipigwi kwa Mbio

Jumapili asubuhi, misa ya kwanza haijatoka, nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha Uru. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Dada, ni ninyi mliomwaga unga kwa bibi jana?"

Nikajibu ndiyo, ni sisi, kwa sauti ya mtu anayethibitisha kwamba mzigo umefika. Nilidhani anataka kujua tutarudi lini. Watoto wa pale walikuwa wametufurahia, walikimbia nasi mpaka mtoni, wengine peku, wakatuacha nyuma.

"Basi njooni," akasema. "Njooni leo hii. Kumekuwa na maneno."

Nieleze kwanza huo unga. Mchezo tunaoucheza si wetu. Mwaka 1938, mjini Kuala Lumpur, Mwingereza mmoja aitwaye A. S. Gispert na wenzake walianzisha kikundi cha kukimbia wakakiita Hash House Harriers, jina lililotokana na utani juu ya mahali walipokuwa wakila. Nao waliuazima mchezo kutoka shule za kwao: mmoja anakuwa sungura, anatangulia akidondosha vipande vya karatasi, na wengine wanakuwa mbwa, wanafuata alama mpaka wamfikie. Karatasi baadaye ikawa unga, na mchezo ukaenea duniani. Kikundi chetu hapa Moshi hakijaandikishwa popote. Ni kundi la WhatsApp la watu arobaini hivi: wanafunzi, manesi, walimu, vijana wa benki, na wazungu wachache waliokuja kujitolea. Mji huu una Kili Marathon tangu mwaka 2003. Kila mwaka, Februari inapokwisha, unajaa wakimbiaji, halafu wanaondoka na kutuachia viatu na hamu. Joging ya lami ilipotuchosha, mtu mmoja akatuletea mchezo wa sungura, nasi tukaupenda mara moja, maana sungura tunamjua. Katika hadithi za bibi zetu wote, sungura ndiye anayepita kwenye mashamba ya watu na kutoka salama.

Jumamosi ile sungura nilikuwa mimi.

Nilikuwa na kilo tatu za sembe katika begi la mgongoni. Alama zetu ni chache. Kidonge cha unga kila baada ya hatua hamsini maana yake uko njiani. Mshale, geuka. Duara kubwa maana yake njia imekatika, itafuteni, na hapo wenye mbio husimama wakatawanyika huku na huko, ili wazee na wanene wawafikie. Duara ndilo linalofanya mchezo uwe wa watu wote, na mimi hupenda kuyaweka mahali pazuri, penye kivuli na mandhari. Lile la tatu niliweka mahali palipokuwa pazuri kuliko pote: chini ya mringaringa mkubwa, migomba pande zote, safu ya majani marefu ya kijani, na upande mmoja jukwaa dogo la saruji ambalo sikuliangalia mara mbili.

Sikwenda bila ruhusa, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Njia yetu ilianzia kwenye shamba kubwa la kahawa. Mashamba ya aina hiyo mengi yalikuwa ya walowezi, yakataifishwa mwaka 1973, na leo mengine yako chini ya vyama vya msingi vya ushirika vinavyoyakodisha kwa wawekezaji. Lile lina senyenge, geti, na mlinzi mwenye bunduki. Niliandika barua. Nikaipeleka kwa mkono, nikangoja siku nne, nikarudi, nikajibiwa kwa barua yenye muhuri: tupite kwenye barabara ya ndani tu, tusiguse kahawa, tutoke kabla ya saa kumi na mbili. Tulizingatia kila neno. Kisha nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza kwamba kikundi cha vijana kitapita kwa mazoezi, nikamtumia elfu ishirini ya soda. Akasema hakuna shida, karibuni sana.

Baina ya shamba kubwa na mto, njia yangu ilipita katika vihamba visivyopungua kumi na viwili. Huko sikumwomba mtu.

Sikuwaza kwamba kuna mtu wa kuombwa. Njia nilikuwa nimeipanga kwa simu, kwenye ramani ya picha za setilaiti, na kwenye picha za setilaiti kihamba hakionekani. Shamba kubwa linaonekana vizuri, mistari yake imenyooka kama daftari. Vihamba ni kijani kimoja kilichoshikana, kama msitu, na humo ndani unaona kijia chembamba cha kahawia kinachoshuka mpaka mtoni. Kijia nikakiona. Bati la nyumba lilikuwa limefunikwa na migomba.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu mtu akivuna mtama wake na kubeba, shamba linabaki mabua, na mabua ni ya ng'ombe wa yeyote anayepita. Njia za miguu hukata mashamba moja kwa moja kuelekea mnadani, na mwaka unaofuata zinahama kidogo kwa sababu mtu amelima alipokuwa hajalima. Asiyetaka kuingiliwa hutenga ngitili, malisho ya akiba, na kila mtu hujua hapo hapaingiwi. Yaani kwetu lililo wazi ni wazi mpaka liwekewe alama ya kufungwa. Nilikuja mlimani na macho hayo. Nilipoona hakuna senyenge, nikasoma: karibu.

Kihamba hakisomwi hivyo. Kipande chenyewe mara nyingi hakifiki hata ekari mbili, na kadiri watoto wanavyogawiwa ndivyo kinavyozidi kupungua, lakini ndani yake kuna kila kitu. Juu kuna miti mikubwa, mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wako bandani, chakula wanaletewa kichwani. Pembeni hupita mfongo, mfereji wa udongo unaoshusha maji ya mlima kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Ukingo wake ni tope lililoshindiliwa kwa jembe, na mtu mmoja akiukanyaga hautetereki, lakini viatu themanini ni habari nyingine. Nyumba iko katikati. Na karibu na nyumba, chini ya migomba ileile, wamelala waliotangulia. Hii ndiyo sababu Wachaga walioko Dar es Salaam hujaza mabasi kila Desemba. Wanakwenda nyumbani, na nyumbani ni mahali penye makaburi.

Lile jukwaa dogo la saruji lilikuwa kaburi la mume wa bibi. Zile safu za majani marefu zilikuwa masale, mmea unaopandwa kuwa mpaka wa kihamba. Mimi nilichora duara la unga mweupe, upana wa mikono miwili, kati ya kaburi na mpaka.

Kabla sijapanda Uru mchana ule, niliandika kwenye kundi kilichotokea, na mabishano yakaanza. Siyaandiki kwa kuwadhihaki wenzangu. Hoja zao zote nilikuwa nimeshazitoa mwenyewe kichwani wakati napiga mswaki.

Wa kwanza alisema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na mdhamini wake ni Rais. Akataja na sheria: Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999. "Bibi ana haki ya kutumia, hana ardhi," akaandika, akaweka na alama ya dole gumba. Hoja hii inapendeza kwa sababu ina ukoo mzuri. Mwaka 1958 Nyerere aliandika waraka alioita *Mali ya Taifa*, kupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuleta umiliki wa kudumu wa ardhi unaouzika. Alisema ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote. Lakini wenzangu huishia hapo, wakati Nyerere hakuishia hapo. Katika waraka huohuo, mtu anakuwa na haki juu ya kile alichokiongeza kwa jasho lake, kisima alichochimba, ardhi aliyoisafisha, kwa muda wote anaoitumia. Sasa nitajie katika kihamba kitu ambacho hakikuongezwa kwa jasho. Migomba ilipandwa. Samadi ilibebwa. Maji yaliletwa kwa mfereji uliochimbwa na mababu. Hata udongo wenyewe si ule alioukuta mtu wa kwanza.

Wa pili, mwanasheria, alisema hatuna kosa. Kuingia kijinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu kunahitaji nia: uwe umeingia ili utende kosa, au umtishe mwenye mahali, au umtukane, au umuudhi. Sisi tulikuwa na nia ya kufanya mazoezi. Nadhani yuko sahihi kisheria. Nilijisikia nafuu kwa kama dakika mbili.

Wa tatu alikuwa mmoja wa wanaojitolea, kijana wa Manchester ambaye namheshimu sana. Alitukumbusha kwamba mwaka 1932 wafanyakazi wa viwanda vya mji wake walipanda kwa mamia mlima wa Kinder Scout, ardhi iliyofungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege, na baadhi yao wakafungwa jela, na leo Waingereza wengi wanatembea milimani kwa uhuru kwa sababu ya watu wale. Akaongeza Sweden, ambako haki ya kila mtu kupita katika ardhi ya mwenzake imo ndani ya katiba tangu mwaka 1994, na Scotland yenye sheria yake ya mwaka 2003. Alimaliza kwa kusema kwamba kutembea juu ya dunia ni haki ya kale kuliko hati.

Hii ndiyo iliyonitafuna njia nzima, nikiwa kwenye daladala la kupanda Uru. Kwa sababu naiamini. Sitaki nchi ambayo kila upenyo una geti. Nimeona fukwe za Dar es Salaam zilivyofungwa na hoteli mpaka mtu anazunguka kilomita kuitafuta bahari. Lakini nilipoisoma vizuri haki ya Waswidi, niliona kwamba wao wenyewe wanapita msituni na nyikani, na wanakatazwa kupita uani kwa mtu au juu ya mazao yake. Waskoti nao ni hivyohivyo. Kihamba ni ua, na ni shamba, na ni makaburi, vyote katika kipande kimoja. Nadhani hata huko Sweden mahali pale pasingepitwa.

Na Kinder Scout? Swali la kuuliza ni nani katika mlima huu amefungiwa. Juu ya vihamba, kuna ukanda ambao watu huuita Nusu Maili. Serikali ya kikoloni iliutenga miaka ya 1940, upana wa nusu maili kati ya mashamba na msitu wa hifadhi, ili wanavijiji wapate kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuingia msitu wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, mpaka wake ukiwa juu zaidi. Mwaka 2005 mipaka ikapanuliwa, msitu ukaingia hifadhini, na Nusu Maili ikaenda nao. Kina mama waliokuwa wakipanda kukata majani walijikuta wavamizi mahali walipokuwa wanakwenda tangu usichana. Siingii hapa katika ubishi wa uhifadhi, msitu ule ndio mama wa maji ya mifongo yote na wenye hoja ya kuulinda wana hoja. Ninachosema ni kwamba kama tunatafuta wafanyakazi wa Manchester katika hadithi hii, wale waliozuiwa kupanda mlima wao, basi tusijiweke sisi katika nafasi hiyo. Sisi tuna barua yenye muhuri. Bibi yule amezuiwa kwenda juu kwa tangazo, halafu kutoka chini tukaja sisi kwa miguu themanini kumpitia.

Hoja ya nne haikuwa na sheria wala historia. Dada mmoja nesi aliandika: "Lakini tumeharibu nini?" Watu wakaunga mkono. Hatukuvunja mgomba. Hatukuchuma kitu. Hatukuacha chupa. Hata unga huliwa na kuku siku hiyohiyo.

Mwanafalsafa wa Kanada, Arthur Ripstein, ana mfano mmoja katika makala yake ya mwaka 2006 ambao tulisoma darasani mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, nao ulituchekesha. Mtu anaingia nyumbani kwako ukiwa haupo, bila kuvunja mlango, analala kitandani kwako usingizi wa mchana. Amevaa nguo safi zisizoacha hata uzi. Amefunika nywele. Anaamka, anaondoka, hujui kamwe. Amekukosea nini? Wengi wetu tulisema amekosea, na wengi wetu tulishindwa kutaja madhara. Ripstein anasema ndivyo ilivyo: kosa halimo katika madhara. Kosa ni kwamba ametumia kilicho chako kwa makusudi yake, na uamuzi ulikuwa wako wewe. Nakumbuka niliandika pembeni ya karatasi, *ni kweli, lakini ni kosa jepesi*. Lala, uondoke, mambo yaishe.

Nilifika kwa bibi saa nane mchana nikiwa na mwenzangu mmoja, kaka anayefanya kazi maabara. Mwenyekiti alitungojea barabarani. Njiani alitueleza kilichotokea, akikwepa kututazama.

Bibi alirudi kutoka jumuiya Jumamosi jioni akakuta unga. Si kidogo, na si kama uliomwagika: duara zuri, limefungwa, limewekwa kati ya kaburi la mumewe na masale ya mpaka. Upande wa pili wa masale ni kihamba cha shemeji yake, mdogo wa marehemu. Kwa miaka mitatu wamekuwa na shauri la mpaka huo, hatua nne za ardhi na mti mmoja. Shauri lilikuwa limeanza kupoa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa mara mbili, na ya tatu ilikuwa ifanyike Desemba, watu wa mjini wakirudi. Bibi hakulala. Alfajiri aliita katekista akaja kusali pale kaburini. Akampigia mwanawe wa Dar es Salaam. Halafu, watu wakiwa njiani kwenda misa ya kwanza, alisimama kwenye mpaka akamwita shemeji yake kwa jina, bila shemeji, bila baba fulani, akamwambia mbele ya watoto wake mambo ambayo mwenyekiti alikataa kutuambia.

Ni mtoto mmoja, miongoni mwa wale waliokimbia nasi, aliyesema ni wale watu wa mbio.

Nilisimama njiani. Mwenzangu wa maabara alisema polepole, "Tumeharibu nini," si kama swali.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya yule mlalaji wa Ripstein. Nadhani mfano wenyewe una kitu unachotupa bure: unatuhakikishia, kabla hatujaanza kubishana, kwamba hakuna lililoharibika. Katika maisha anayetoa uhakika huo ni nani? Ni mlalaji mwenyewe. Sisi ndio tulioingia, na sisi ndio tuliohesabu migomba tukaona yote imesimama. Tulihesabu tulivyovijua. Hatukujua kaburi, hatukujua mpaka, hatukujua miaka mitatu ya shauri. Mgeni hana namna ya kujua kilicho dhaifu katika nyumba ya watu, kwa sababu kilicho dhaifu hakiwekwi sebuleni.

Ndiyo maana kuna hodi. Nilikuwa nikidhani hodi ni adabu, kitu cha kupamba mlango. Lakini angalia inavyofanya kazi. Unasimama nje. Unaita. Unangoja. Anayejibu anaweza kusema karibu, anaweza kusema ngoja kidogo, anaweza kusema baba amelala, pitia nyuma, kuna mgonjwa, rudi kesho. Anaweza kunyamaza, na ukiita mara tatu kimya, unaondoka. Katika kule kungoja ndimo unamoambiwa usiyoyajua. Majirani wa bibi hupita katika kijia kile kila siku, nimewaona, nao huita "shimbonyi" wakiwa bado wako mbali, wakapunguza mwendo, wakajibiwa kutoka jikoni, wakapita. Kijia kile cha kahawia nilichokiona kwenye setilaiti kimechongwa na salamu. Mimi nilidhani ni njia.

Na hodi haipigwi kwa mbio. Nilijaribu kufikiria namna ambayo watu arobaini wangeweza kuipiga wakikimbia, nikaona kichekesho: arobaini "hodi" zinazopita dirishani kama bodaboda, na bibi ametoka na mikono yenye majivu kujibu migongo.

Mwenyekiti alitusimamisha kwa mzee mmoja jirani kabla hatujaingia. Mzee alitazama mikono yetu, tulikuwa tumebeba kilo mbili za sukari na majani ya chai kutoka mjini. Akasema sukari ni ya kusalimia, si ya kuomba radhi. Akakata jani la isale kwenye mpaka wake mwenyewe, akalifunga fundo, akanipa. Akatueleza: mtu akikuletea isale huwezi kukataa kumsamehe. Hata awe ameua, alisema, kuna njia ya kuzungumza.

Nakiri nilifarijika. Nilishika jani lile kama mtu aliyepewa ufunguo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Mdogo kuliko nilivyotarajia, kanga mbili, miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulisema hodi tukiwa kwenye migomba. Hakujibu mara ya kwanza. Mara ya pili akasema, "Piteni." Tulimwamkia, akaitika marahaba bila kutuangalia. Nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi niliyemwaga unga, si mtu mwingine, kwamba ni mchezo, kwamba sikujua, na nikampa isale kwa mikono miwili.

Alilishika, akalitazama fundo.

"Hili umefunga mwenyewe?"

"Hapana bibi. Nimefungiwa."

"Unajua maana yake, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Sasa hivi, pale kwa jirani."

Akatikisa kichwa. Kuku walikuwa wakipita miguuni kwetu. Kutoka pale nililiona kaburi, na duara langu lilikuwa limefagiliwa, udongo una michirizi ya ufagio.

"Unga ule ni wa kula?" akauliza.

"Ndiyo bibi. Ni sembe."

"Mnamwaga chakula ili mjue njia, na watu wa kuwaonyesha njia tupo."

Sikuwa na jibu. Mwenzangu akaanza kusema, kwa nia njema, kwamba kikundi kiko tayari kuchangia kitu, kila mara tukipita tungeacha kiasi fulani, hata elfu hamsini, na hatutatumia unga tena, tutatumia vipande vya mbao. Alizungumza haraka. Nikaona nilichokuwa nimekifanya na lile jani: niliambiwa halikataliki, nikalileta kwa sababu halikataliki. Nilikuwa nimeingia tena kwa mtu bila kungoja jibu.

Bibi alimwacha amalize. Kisha akasema, "Isale nimepokea. Njia sijatoa."

Mwenyekiti akacheka kidogo, kama mtu anayetaka jambo liwe dogo. Bibi hakucheka. Alisema sisi ametusamehe, hana kinyongo, sisi ni watoto. Lakini kusamehe mtu aliyepita si kumwambia apite. Elfu hamsini akikubali leo, kesho tutapita kama tuliolipa, na aliyelipa hasalimii. Akamgeukia mwenyekiti, akamwuliza kwa sauti ya chini ile soda aliyokunywa ilitoka kwenye mgomba upi. Hapo mwenyekiti akaangalia simu yake.

Nikamwuliza kama tungeweza kwenda sisi kwa shemeji yake, tumweleze, tupige magoti na kule. Ilikuwa makosa yetu. Tungeyabeba.

"Unga ni wenu," akasema. "Maneno ni yangu. Hamkuniwekea mdomoni."

Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kisu. Akaenda mpaka kwenye masale, pembeni ya kaburi. Akakata jani moja refu upande wake, akasimama akilifunga fundo, polepole, vidole vyake havikunjiki vizuri. Lile letu aliliacha juu ya kigoda.

Mwenyekiti akatuambia twende. Tukauliza njia fupi ya kutokea barabarani, mazoea tu, na yeye akaonyesha kwa kidole kile kijia kinachoshuka mtoni. Tukatazamana na mwenzangu. Tukarudi kwa njia ya juu, ile ya kuzunguka, na tulipofika kwenye kona tulimsikia bibi, kule ng'ambo ya mpaka, anaita hodi.